Pedali Tano za Fundi Risasi

Kamati ya kuchunguza besi iliketi siku ya Jumatano, saa nane mchana, katika chumba cha mazoezi nyuma ya karakana ya matairi. Mtuhumiwa alihudhuria mwenyewe, bila wakili, akiwa amelibeba gitaa lake mgongoni.

Mtuhumiwa aliitwa Nanga. Alikuwa amepiga gitaa la besi katika bendi hiyo kwa miaka kumi na sita, na jina hilo alipewa kwa sababu akipanda jukwaani alisimama mahali pamoja tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, wengine wakizurura kama kuku waliofunguliwa banda. Shtaka lenyewe lilikuwa fupi: besi yake imeharibika sauti. Zamani ilikuwa nene, ya duara, mtu anaipokea tumboni kabla haijafika masikioni. Kwa miezi saba sasa ilikuwa inakwaruza kama kijiko kinachosaka ukoko chini ya sufuria. Mwenye ukumbi waliokuwa wakipiga kila Jumamosi alileta malalamiko yake kwa adabu zote: wateja wanaomba kuhamishiwa meza za mbali na spika.

Bendi ilifanya yote ambayo watu wenye akili timamu hufanya. Walibadilisha waya. Walibadilisha nyuzi, mara mbili. Walibadilisha spika, kisha wakamlaumu fundi umeme, kisha wakailaumu soketi ya ukutani, ambayo haikujitetea. Hakuna aliyewaza kumchunguza mpigaji, maana fundi hodari haanzi kazi kwa kumfungua mtu.

Naye mbovu alikuwa mpigaji.

Masikio ya Nanga yalianza kufa mwaka juzi, tena kwa utaratibu, kama mtu anayehama nyumba na kubeba vitu vidogo kwanza. Ziliondoka sauti za ndege. Ukaondoka mluzi wa birika, ikafuata kengele ya baiskeli, ambayo nusura iondoke na Nanga mwenyewe. Kwenye besi ikaondoka ncha ya sauti, ule mgongano mdogo wa kidole na uzi unaomwonyesha mpigaji noti imeanzia wapi. Basi kila wiki, kuitafuta ncha hiyo, alikiongeza kidogo kitufe cha sauti nyembamba. Wiki hadi wiki, kidogo kidogo, mpaka ukumbi mzima ukawa unasikia kucha na yeye hasikii kitu, ila mtetemo wa mbali, kama majirani wanaohamisha kabati.

Alikwenda kwa daktari peke yake, hospitali ya upande wa pili wa mji asikojulikana. Daktari alimwambia mashine za masikio zipo, zitamsaidia katika mazungumzo. Kuhusu muziki, daktari aliangalia dirishani kabla ya kujibu, na mtu akiangalia dirishani wewe umeshajibiwa.

Siri hiyo Nanga aliifungia. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe aliiona kwa macho. Miaka mitatu nyuma mpiga tarumbeta wao aling'oka meno ya mbele. Bendi ilimnunulia keki. Kiongozi alitoa hotuba iliyokuwa na neno "daima" mara nne. Jumamosi iliyofuata mahali pake palisimama kijana mwingine mwenye meno yote, na mpiga tarumbeta sasa anauza vocha za simu nje ya soko, na ukipita anakuuliza, "Bado mnapiga ule wa kufungulia?" Nanga alikuwa amebadilisha njia ya kwenda sokoni.

Nyumbani napo mambo yalikuwa yameharibika kimya kimya, na kwake kimya hicho kilikuwa kamili. Sauti ya mkewe, nyembamba na nzuri, ilikuwa imeondoka na ule msafara wa ndege. Mke aliuliza, mume hakujibu. Mke akahitimisha kwamba mume ameingiwa na kiburi. Jioni moja Nanga alimwona kwenye kioo cha kabati akimsemesha huku amempa mgongo, akayasoma maneno midomoni: "Sikio la kufa halisikii dawa." Mama wa watu hakujua amelenga wapi. Nanga alijilaza akageukia ukuta. Aliona afadhali aitwe mwenye kiburi kuliko aitwe kiziwi, kwa kuwa mwenye kiburi haondolewi kwenye bendi. Wangeondolewa wenye kiburi, katika bendi hiyo wangebaki wangapi?

Sasa kamati. Mwenyekiti alikuwa kiongozi na mwimbaji wa bendi, mzee wa miaka hamsini na mitano aliyeitwa Hakimu kwa sababu alikata mashauri yote kwa kuinua mkono. Mjumbe wa pili alikuwa mpiga ngoma, mdogo wake mke wa Nanga, yaani shemeji wa halali mwenye leseni kamili ya utani. Huyo aliitwa Upupu, na jina hilo lilimfuata kutoka shule ya bweni, ambako alinyunyizia majani ya upupu kwenye shuka za kiranja mkuu na kufukuzwa muhula mzima. Mjumbe wa tatu, mtaalamu mwalikwa, alikuwa Fundi Risasi, mtengeneza redio mwenye vidole vilivyoungua kwa risasi ya kulehemu. Alikuja na kreti ya mkate. Ndani yake hamkuwa na mkate, mlikuwa na priampu tano za kukanyaga kwa mguu.

"Hizi ni pedali," alieleza, akizipanga sakafuni kama sahani za wageni. Kila moja ilikuwa kikasha cha chuma cha ukubwa wa nusu tofali, chenye vitufe vya kuzungusha na kijitaa chekundu. "Gitaa linaingia hapa, linatokea hapa, ndipo liende kwenye ampu ya kukuza sauti. Inaiosha sauti, inaivalisha, inaichana nywele, ndiyo unaipeleka kwa wakwe. Chagueni moja. Zilizobaki nazirudisha kwa mwenyewe saa kumi na moja, na mwenyewe hana utani."

"Bendi nzima ina mtu mmoja wa utani," alisema Hakimu, "na huyo anatosha."

Upupu aliinamisha kichwa kupokea heshima hiyo.

Nanga alikuwa amejiandaa kwa siku mbili. Pedali zenyewe asingeweza kuzitofautisha kwa sikio, lakini watu angeweza kuwaona, na watu hawa aliwajua kuliko alivyozijua nyuzi. Sauti ikimpendeza Hakimu, kope ya jicho la kulia ilishuka polepole kama paka aliyeanikwa juani. Isipompendeza, alijikuna shingo. Upupu akipendezwa alisukuma mdomo wa chini mbele. Fundi Risasi hakufaa kitu. Muuzaji hana uso.

Akachomeka pedali ya kwanza, nyeusi, yenye vitufe vitatu. Akapiga mstari wa wimbo wao wa kufungulia. Hakimu akapeleka mkono shingoni.

"Inachoma," alisema Nanga upesi, kabla hajaambiwa.

"Inachoma kabisa," alikubali Hakimu. "Nilidhani masikio yangu."

Nanga akacheka kicheko kidogo, cha mtu anayevuka barabara kwenye magari.

Ya pili ilikuwa ya rangi ya fedha, na ndani yake iliwaka taa ya kioo ya kizamani. Nanga akapiga, macho hayatoki kwenye kope ya Hakimu. Ikashuka robo. Akainama, akakipunguza kitufe cha sauti nyembamba kidogo, akapiga tena. Ikashuka nusu. Akaongeza sauti za kati. Kope ikapanda, akarudisha upesi. Aliendelea hivyo dakika nzima, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio kwenye uso wa mwenzake, na alipoipata, kope iliposhuka kabisa, moyo ulimdunda kwa furaha ya mwizi.

"Hii si mbaya," alisema kwa utulivu wa mtaalamu.

"Si mbaya? Ni wewe wa zamani!" Hakimu alifumbua jicho. "Iwekeni pembeni."

"Shem," Upupu alimwita, na kwa bahati alikuwa amemwelekea, "leo umekuwa mpole mpaka naogopa. Kawaida kifaa cha pili tu ungekuwa umeshatukana kiwanda."

"Nimekua."

"Umekua au umechoka? Dada anasema siku hizi nyumbani unaishi kama mpangaji. Anakuuliza jambo, unamtazama kama bango la barabarani."

"Mwambie dada yako bango linasomeka vizuri kuliko yeye."

"Nitamwambia, halafu utalala kwangu, na kwangu kuna kunguni wenye vitambulisho."

Wote walicheka, na Nanga alicheka pamoja nao, akichelewa kidogo kama kawaida yake ya siku hizi. Upupu alikuona kule kuchelewa. Hakuelewa maana yake. Alichoelewa ni kwamba shemeji anajidai, anakunja uso juu ya vitufe kama daktari wa upasuaji, na mtu anayejidai mbele ya Upupu huwa ameomba mwenyewe.

Ya tatu ilikuwa ya buluu na ilinguruma kama mashine ya kusaga. Hakimu aliinua mkono kabla mstari haujafika katikati, na hukumu ikawa imepita.

Ya nne ilikuwa ya kijani, nzito kuliko zote. Fundi Risasi aliisifia kirefu: imetengenezwa kwa mkono, wapo wanaolala nayo kitandani. Nanga akainama kuvitazama vitufe vyake sita. Huko nyuma Upupu aliifunga ampu sauti, taratibu, akanyoosha mkono wa kushoto, akachomoa waya unaotoka kwenye pedali kwenda kwenye ampu, akauacha umelala sakafuni. Kisha akaanza kukanyaga ngoma ya mguu, du, du, du, uso umekaa kama wa mtu anayeombea chakula. Alimkonyeza Fundi Risasi. Hakimu aliona, akatikisa kichwa, akakunja mikono asubiri. Ulikuwa utani mdogo, wa kila siku. Mpigaji atagusa uzi, hatasikia kitu, atageuka na tusi refu, watacheka, wataendelea na kazi.

Nanga alisimama. Kijitaa chekundu kilikuwa kinawaka, maana waya wa gitaa ulikuwa bado umechomekwa. Akapiga.

Sakafu ilimtetemekea nyayoni kwa ngoma ya Upupu. Mbao za gitaa zilimtetemekea ubavuni. Vilikuwa vitu viwili ambavyo kwa miezi mingi ndivyo alivyoviita muziki, na vyote vilikuwepo. Akautazama uso wa Hakimu. Kope haikushuka. Macho yote mawili yalifunguka, makubwa, hayapepesi. Akamtazama Upupu: mdomo haukusogea mbele, ulikuwa umeng'atwa na meno. Fundi Risasi alitazama dari.

Katika miaka kumi na sita hakuwahi kuona nyuso za namna hiyo. Alizipima haraka. Hawajikuni shingo. Hawainui mkono. Wameduwaa. Basi huu ni mshangao, akaamua, huu ni uzuri uliowazidi kimo. Na kwa vile alikuwa amechoka sana, amechoka kuchunga kope za watu kama mchungaji wa inzi, alijiruhusu kitu ambacho hakukifanya tangu mwaka juzi. Alifumba macho. Akaacha mstari wa kufungulia, akaingia kwenye kile kipande kirefu cha katikati alichokitunga mwenyewe akiwa kijana, akakipiga chote, bila haraka, kichwa kimeinama, akitabasamu.

Chumbani kilisikika kitu kimoja tu: vidole vikigusa nyuzi, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Maana Upupu alikuwa ameacha kukanyaga ngoma.

"Hii ndiyo yenyewe!" Nanga alisema kwa sauti kubwa, akifumbua macho. "Sikieni hiyo nyama! Sikieni!"

Hakuna aliyesogea. Akauona mguu wa Upupu umetulia juu ya kikanyagio. Umetulia tangu lini? Macho yake yakashuka kutoka kwenye mguu, yakafuata sakafu, yakaufikia waya. Ulikuwa umelala pale, kichwa chake cha chuma kikimeta, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye ampu.

Mtu anayezama hushika hata jani. Nanga alicheka.

"Nilijua!" alisema, akimnyooshea Upupu kidole. "Nilikuona tangu unainama, mshenzi wewe. Nikasema ngoja, nione mtakaa kimya mpaka lini. Nyuso zenu! Mngejiona!"

Fundi Risasi alikuwa wa kwanza kupumua. Upupu akafuata, akapiga goti lake kwa kofi, akacheka mpaka machozi. "Shem, umenimaliza! Nimeshaanza kusali! Umenifundisha kazi yangu mwenyewe!" Hata Hakimu alicheka. Akaja, akauokota waya mwenyewe, akaenda nao mpaka kwenye ampu, akainama kuifungulia sauti. Akabaki ameinama hapo, mgongo ameugeuzia chumba.

Nanga aliendelea kutabasamu. Kisha akaona tabasamu la Upupu linazimika, ghafla, kama umeme wa mtaa. Fundi Risasi alifungua kinywa kidogo na kumtazama yeye, Nanga, kama mtu anayesubiri.

Ameulizwa kitu. Alijua hivyo kama unavyojua kidato kimepungua kwenye ngazi, mguu ukiwa tayari hewani. Mgongo wa Hakimu haukuwa na midomo. Maswali ya Hakimu, akawaza haraka, mengi ni ya kukubaliwa: tuendelee, tujaribu ya tano, tupumzike.

"Ndiyo, Hakimu," alijibu kwa uchangamfu. "Sina neno."

Hakimu aligeuka. Alikuwa amezeeka kwenye kipande hicho kidogo cha muda. Alikuja mpaka mbele ya Nanga, karibu kabisa, akasema taratibu, kila neno akilikunjua mdomoni.

"Nimekuuliza kama uko tayari kuacha bendi leo."

Nje, kwenye karakana, mtu alikuwa akigonga ringi la gurudumu kwa nyundo. Watatu walisikia.

"Tangu lini?" aliuliza Hakimu.

Nanga aliweka kiganja juu ya nyuzi zote nne, kuzituliza, ingawa zilikuwa zimeshatulia. "Mwaka juzi. Walianza ndege. Sikuwajali, nani anawahitaji ndege? Halafu simu. Halafu wanawake na watoto."

"Dada anajua?" Upupu alikuwa amesimama nyuma ya ngoma zake, vijiti vyote viwili mkononi.

"Dada yako anajua nina kiburi."

"Shem, mimi nilikuwa natania. Naapa. Ni utani tu, shem."

"Najua. Ni haki yako."

"Nitamwambia mimi. Leo hii. Nitaenda nimwambie..."

"Hutamwambia kitu. Nitamwambia mwenyewe, na atanipiga na mwiko, na mwiko nitausikia. Kaa chini."

Upupu akakaa. Ni vigumu kueleza jinsi alivyokaa. Yeye aliyepokea viboko kumi na viwili vya mwalimu mkuu huku akihesabu kwa sauti, sasa aliinamia vijiti vyake na mabega yakamtikisika, na Fundi Risasi, kwa kukosa pa kuangalia, alianza kuzirudisha pedali kwenye kreti moja moja.

"Naweza kupiga," Nanga alimwambia Hakimu. Alikusudia iwe sauti ya kawaida, hakujua imetokaje. "Nyimbo zote kumi na nne ziko kwenye vidole. Namfuata Upupu kwa miguu. Hamkugundua miaka miwili, Hakimu. Miwili!"

"Tuligundua," alisema Hakimu. "Miezi saba tunakimbizana na soketi." Aliupitisha mkono usoni. "Kumi na nne ziko vidoleni, nakubali. Ya kumi na tano utajifunza kwa masikio ya nani?"

Nanga alilitafuta jibu. Alitazama kuta zenye trei za mayai walizozibandika pamoja miaka kumi na sita iliyopita, akatazama mlango, akatazama vidole vyake. Akasubiri mkono wa Hakimu uinuke, kama ulivyoinuka kwa wote. Haukuinuka. Ulibaki ukining'inia.

"Jumamosi utapiga," alisema Hakimu mwishowe. "Hiyo moja. Watu watakula na kunywa, na wewe utapiga kama wewe. Baada ya hapo, ndugu yangu..."

"Bila keki," alisema Nanga.

"Bila keki."

"Na usitoe hotuba."

Hakimu alitikisa kichwa kwamba hatatoa.

Ikabaki kazi iliyowaleta. Saa ilikuwa inakaribia kumi na moja, na mwenye pedali hana utani. Fundi Risasi aliuliza, akimwelekea Nanga na kupaza sauti bila sababu kama watu wote watakavyofanya kuanzia siku hiyo, achukue ipi na aache ipi.

"Chagueni nyie," alisema Nanga.

Hakuwahi kulisema neno hilo katika chumba kile. Watu walishawahi kugombana naye siku tatu kwa ajili ya uzi mmoja.

Wakaichagua ya fedha. Upupu alifuta uso kwa mkono wa shati, akapiga magoti sakafuni upande mmoja wa miguu ya shemeji yake. Hakimu, kwa umri wake na magoti yake mabovu, akapiga magoti upande mwingine. Wakamwambia apige noti moja, ya chini, airudie bila kukoma. Akapiga. Wao wakazungusha vitufe, wakabishana, wakarudisha, wakainamisha vichwa kusikiliza, wakazungusha tena. Walipokubaliana, Hakimu aliomba utepe mweusi wa umeme, akaukata kwa meno, akaubandika juu ya vitufe vyote vya pedali visiguswe tena. Kisha akainuka, akaomba radhi kwa macho, akabandika vipande vingine viwili juu ya vitufe vya gitaa lenyewe.

Nanga hakumzuia. Aliendelea kuipiga ile noti moja kama alivyoagizwa, macho mbele, mpaka mtu alipomgusa bega kumwambia basi.